Aliyeandika Mstari wa Saba

Ndugu, majirani na marafiki mliofika leo Jumamosi, tarehe 10 Februari 2024, kumsindikiza ndugu yetu, asanteni. Mimi ni dada yake mkubwa. Nimepiga chapa hukumu za mahakama kwa miaka ishirini na tisa, kwa hiyo familia ilinitwisha kazi ya kuandika wasifu huu bila hata kupiga kura. Wifi yangu, mke wa marehemu, aliniomba niuandike kwa upole. Nimejaribu. Pale nitakaposhindwa mnisamehe, na asiyetaka kusikia anaweza kusoma ratiba iliyo ukurasa wa pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1968, saa nne asubuhi, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa karani wa ghala na mshona nguo. Alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili, na mama yetu alikuwa akisema kwamba hata tumboni mtoto huyu alikuwa anajibu "subiri". Neno hilo lilimganda. Ukimwita mezani, subiri. Ukimtuma dukani, subiri. Alipokuja kuwa fundi, wateja wakalifanya jina lake, na wengi wenu mliokaa hapa hamkujua kwamba Subiri ana jina jingine mpaka mlipoliona kwenye jalada la karatasi hii.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza mwaka 1981. Alisoma sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, idara ya umeme, ambako alihitimu Novemba 1988. Huko chuoni kulikuwa na kitabu kimoja tu cha ufundi wa redio, na ukurasa wake wa kwanza ulisema ni marufuku kunakili sehemu yake yoyote. Marehemu alikiazima kwa zamu yake, akakinakili chote kwa mkono, maneno na michoro, kwenye madaftari matatu, akawapa wenzake wayapokezane. Mwalimu alipoyakamata aliyachukua na kumwita mwizi mbele ya darasa. Muhula uliofuata mchwa walikila kitabu chenyewe, na mwalimu yule yule akaingia darasani na madaftari matatu kwapani. Alifundishia hayo mpaka akastaafu, na radhi hakuomba. Marehemu alikuwa akisimulia kisa hiki huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikuwahi kuona cha kuchekesha hapo.

Mwaka 1989 alianza kutengeneza redio na televisheni katika karakana iliyokuwa nyuma ya duka la dawa, chumba cha dirisha moja kilichojaa moshi wa kulehemu. Mbele, kwenye kaunta ya dawa, mwaka 1997 alianza kazi msichana aliyeandika maelekezo ya dozi kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliopata kuuona. Kwa miaka miwili marehemu aliumwa kichwa kila siku ya kazi. Alinunua vidonge viwili viwili, na hakumeza hata kimoja. Tulivikuta kwenye kopo la misumari baada ya harusi. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1999. Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa Agosti 2001, ambaye leo ni mpima ardhi katika nchi nyingine. Amefika juzi, na mnamwona pale mbele karibu na mama yake.

Juni 2002 marehemu alifungua chumba cha gemu. Kompyuta nane, viti vya plastiki, ukuta wa buluu, na feni mbili, moja ikizunguka na nyingine ikitishia kuzunguka. Kilichomfanya ajulikane mbali na mtaa wetu kilianza siku moja ya mwaka 2005, saa saba mchana. Kinyozi wa jirani, mtu mzima mwenye familia, alikuwa amejenga timu yake ya mpira kwenye gemu kwa miezi mitatu, kila siku wakati wa mapumziko yake. Siku hiyo alikuwa anacheza fainali. Umeme ukakatika, na ulipowaka hakukuwa na timu, wachezaji wala kombe. Kinyozi alibaki kwenye kiti akiwa bado ameshika pedi ya gemu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna anayeweza kumrudishia miezi mitatu yake. Marehemu akamjibu lile neno lake.

Ilimchukua miezi saba. Alijifunza kuandika programu kutoka kwenye kurasa alizozichapa kutoka mtandaoni, akaandika, akafuta, akaandika tena, na mwisho akapata kitu kidogo alichokiita Kabati. Kazi yake ni rahisi kueleza: Kabati huhifadhi kila hatua ya mchezaji, kidogo kidogo, ili umeme ukikatika mtu arudi pale pale alipoishia. Kinyozi alijenga timu upya na akachukua kombe. Yuko safu ya tatu, na ndiye aliyemnyoa marehemu jana.

Septemba 2006 marehemu alikuja nyumbani kwangu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitaka kuiweka Kabati mtandaoni, bure, kwa kila mtu, lakini alihitaji leseni, yaani maneno yanayosema nani anaruhusiwa kuifanyia nini. Leseni zilizokwisha kutungwa na wengine zilikuwepo tele. Alizikataa kwa sababu alitaka ya kwake ieleweke na kinyozi. Mistari sita ya kwanza iliruhusu kila kitu: tumia, nakili, badili, gawa, uza ukitaka, ila jina la aliyeiandika liache mahali pake. Mstari wa saba ndio uliobeba sharti: "Usiitumie kumfungia mtu kitu ambacho tayari alikuwa nacho."

Mstari huo haukutoka hewani. Mwaka mmoja kabla, kompyuta moja ya chumba chake iliungua ndani, akabadilisha kifaa kimoja, na ile programu ya kuhesabu muda wa wateja, ambayo alikuwa ameinunua na risiti anayo, ikaamua kwamba sasa yeye ni mtu mwingine. Ikafunga kompyuta zote nane, na wateja wakiwa ndani. Alipoteza siku mbili akipiga simu kuwathibitishia watu wasiomjua kwamba yeye ni yeye.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu hapa ndipo lilipo. Nilipokuwa nampigia chapa mistari ile, aliniuliza, "Dada, nieleze humu maana ya kuwa na kitu?" Nami, niliyepiga chapa kesi nzima za watu kugombana juu ya neno moja, nikamjibu, "Acha. Nani asiyejua maana ya kuwa na kitu?" Akaacha. Nimelibeba jibu hilo tangu Agosti iliyopita, na mtasikia kwa nini.

Kabati ilisambaa. Watu aliokuwa hajapata kuwaona walimwandikia kumshukuru. Mwaka 2009 kampuni moja kubwa ya gemu, ambayo wakili wa familia ameniomba nisiitaje, iliiingiza kwenye gemu zake zote. Hawakumwomba ruhusa, na hawakuhitaji, maana mistari sita ilikwisha kuwapa. Mwishoni mwa kila gemu majina ya watengenezaji yanapopita, la kwake lilikuwa la mia tatu na kumi na mbili. Alihesabu. Alikuwa akiicheza gemu nzima mpaka mwisho ili tu wateja waone jina hilo, na lilipofika alisimamisha skrini, akavua miwani na kuifuta, kisha akasema ameona kuna vumbi. Hakuna tuzo ambayo ingemfurahisha kuliko hiyo, na hakuwahi kuidai kampuni kitu kingine.

Gemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kampuni hiyo. Ni ya kujenga mji. Yeye na binti yake walianza kuujenga mwaka 2012, binti akiwa na miaka kumi na mmoja, na wakauita Kwetu. Waliweka soko, stendi, zahanati na kituo cha polisi ambacho hakikuwa na polisi. Kila ndugu alipewa nyumba. Yangu ilikuwa na paa la kijani, na kwa uchokozi wake aliijenga ikitazamana na mahakama ili, alivyosema, nisichelewe kazini. Baba na mama yetu, ambao wakati huo walikuwa wamekwisha kutangulia, aliwajengea nyumba yenye bustani waliyoitamani maisha yao yote na hawakuipata. Binti alipoondoka mwaka 2020 kwenda kusoma, mji ukawa ndio ukumbi wao wa kukutania. Akijenga daraja huko aliko, baba yake alikuwa akifika kesho yake kulikagua na kulalamika kwamba limepinda. Miaka kumi na mmoja, ndugu zangu. Kuna watu hapa hawajakaa kwenye nyumba moja muda huo.

Machi 2023 madaktari waligundua kwamba figo za marehemu zimechoka. Alianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, kwenye chumba chenye vitanda sita na saa ya ukutani iliyokuwa mbele kwa dakika ishirini. Mkono mmoja ulifungwa kwenye mashine, na kwa mkono wa pili alishika tableti akijenga. Binti alipanga kazi zake ili awe mjini Kwetu saa zile zile. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba wagonjwa wengine huhesabu vigae vya dari, ila huyu wenu anagombana na mtu juu ya mitaro.

Tarehe 30 Juni 2023, saa tano asubuhi, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, skrini iliganda katikati ya barabara mpya. Kisha yakaja maandishi, nami nikamsomea kwa sababu miwani yake ilikuwa kwenye droo: "Leseni ya maudhui haya imekwisha. Asante kwa kucheza." Alinitaka nirudie. Nilirudia.

Tulikuja kujua sababu baadaye. Ndani ya mji ule redio hupiga nyimbo, na kati ya nyimbo hizo kumi na moja zilikuwa zimekodiwa kwa muda. Muda uliisha. Kampuni ikaona kuondoa nyimbo ni usumbufu, ikaiondoa gemu nzima, na miji yote ya watu ikafungwa pamoja nayo. Tena mji wa Kwetu haukufutwa. Upo mpaka leo, mzima, na daraja lake lililopinda, kwenye mashine zao. Umefungwa kwa Kabati: ndiyo iliyohifadhi kila hatua yake, na kampuni imeiamuru isimfungulie mtu. Programu ambayo mdogo wangu aliiandika ili kinyozi asipoteze miezi mitatu, ndiyo waliyoigeuza kufuli ya kumnyang'anya yeye miaka kumi na mmoja, akiwa kitandani na sindano mbili mkononi. Nasema haya mbele ya jeneza lake na sioni aibu: damu yangu inachemka.

Tuliandika barua. Alisema, nikapiga chapa, kitandani pale pale. Hakuwatukana, ingawa mimi nilimpa maneno kadhaa mazuri aliyoyakataa. Aliwakumbusha mstari wa saba na kuwaomba wafungue miji, yake na ya wengine wote, hata bila nyimbo. Jibu lilikuja tarehe 22 Agosti, kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa pole. Wa tatu ulisema mstari wa saba haukuvunjwa, kwa sababu mchezaji hakuwahi kuwa na mji. Alikuwa na ruhusa ya kuutazama, na ruhusa ina mwisho. Wakaongeza kwamba mwandishi wa leseni hakueleza popote maana ya kuwa na kitu. Hapo nilisimama nikatoka nje, nikajifanya natafuta maji ya kunywa.

Akawageukia wenzake. Kuna chama cha waandishi wa programu huru, watu wanaogawa kazi zao bure kama yeye, na wengine wao aliwafundisha yeye mwenyewe kwenye kile chumba cha buluu. Alidhani watasimama naye. Oktoba 2023 wakajadili mtandaoni kwa siku tisa, kisha kwa kura arobaini na moja dhidi ya sita wakaiondoa Kabati kwenye orodha yao. Hoja yao niliisoma mara tatu, na sitaki kuwasingizia: walisema programu ikianza kuchagua nani aitumie na kwa kazi gani, huo si uhuru tena, na kesho mwingine atawakataza wagonjwa au watu wa dini fulani. Ni hoja ya watu wenye akili. Lakini hakuna mgonjwa aliyekatazwa kitu na mstari wa saba. Mgonjwa aliyekuwepo alikuwa mmoja, alikuwa mwalimu wao, na walimtumia matokeo ya kura kwa baruapepe iliyoishia kwa kumtakia afya njema. Watatu kati ya wale arobaini na moja wamekuja leo. Karibuni, chakula kipo, ila msinitafute kwa mazungumzo.

Marehemu hakuwakasirikia. Alisema tu kwamba amechoka, na kwa mara ya kwanza maishani hakumwambia mtu asubiri. Aliacha kushika tableti. Akawa naye anahesabu vigae vya dari. Januari alilazwa kwa maambukizi ya kifua, na hali ikawa inapanda na kushuka. Tarehe 3 Februari 2024, alasiri, aliniuliza kama kampuni imejibu barua yetu ya pili, ile ya Septemba ya kuwaonya kwamba tutakwenda mahakamani. Nilimwambia bado, avute subira kidogo. Alimshika mke wake mkono, akasema huyu ndiye dawa pekee aliyomeza kweli kutoka kwenye lile duka. Wifi akacheka. Saa tisa na dakika kumi akatutoka.

Ningeweza kuishia hapo, na wifi angependa niishie hapo. Lakini Jumanne, maiti ikiwa bado chumba cha baridi, barua ya pili ilijibiwa. Jibu halikuja kwangu. Lilitumwa kwa binti, kwa sababu wanajua sheria: marehemu akishaondoka, Kabati ni mali ya mke na mtoto, na mke amekwisha kusema kwamba atafuata uamuzi wa mwanawe. Walimpa pole. Wakaambatanisha fomu ya kurasa mbili ya kuufuta mstari wa saba, katika Kabati iliyopo na zitakazokuja. Akisaini, shauri lote linakufa. Na wao, kama ishara ya faraja, wataufungua mji wa Kwetu kwa ajili yake. Yeye peke yake, kwa akaunti yake peke yake. Lile shada la maua meupe pale mlangoni limetoka kwao. Tumeliacha hapo kwa sababu maua hayana kosa.

Niseme kweli, kwa kuwa leo si siku ya kujipamba: nilimwambia asaini. Nilimwona juzi akishuka kwenye gari, macho yamevimba, na nikawaza kwamba baba yake yumo mle ndani. Kila ukuta ameuweka yeye. Nyumba ya babu na bibi imo. Nani anahitaji mstari mmoja wa karatasi kuliko hayo? Nilimpelekea kalamu mwenyewe, jikoni, mbele ya mama yake. Nilimwambia hata marehemu angeelewa, na kwamba kama kuna wa kulaumiwa ni mimi niliyeuacha mstari ule nusu.

Aliisoma fomu yote, kama tunavyosoma sisi tuliozoea karatasi, mpaka maandishi madogo ya chini. Kisha akaikunja.

"Shangazi," alisema, "wakinifungulia mimi peke yangu, siku wakichukia si watafunga tena?"

Nikasema labda hawatafunga.

"Basi hapo nitakuwa na nini? Ruhusa ya kutazama. Mji wa baba nitakuwa nimewasainia mimi kwamba haukuwa wake."

Mama yake alichukua kalamu ile na kuiweka kwenye mfuko wa gauni. Mimi nilikaa chini jikoni nikalia kwa hasira, na binti wa mdogo wangu akanishika bega, yeye mfiwa akinibembeleza mimi.

Kwa hiyo familia imeniagiza nitangaze yafuatayo, na yamechapwa ukurasa wa nyuma kwa wasiosikia vizuri. Kabati inabaki bure kwa kila mtu, kama alivyotaka mwenyewe. Mistari yake ni saba. Maana ya kuwa na kitu itaongezwa chini yake, na nimeiandika jana kwa mkono wangu, nikaisoma kwa kinyozi, akaielewa: kitu ulichokitengeneza kwa muda wako na mikono yako ni chako, hata kama umekitengenezea ndani ya nyumba ya mtu. Wakili anasema mahakama inaweza kukubali au kukataa. Nimewaona wakikubali, nimewaona wakikataa, na kote huko nimepiga chapa. Lakini mtoto ameukosa mji wa baba yake ili mstari huu ubaki, na mtu atakayeniambia tena kwamba ni mstari tu, aniambie nikiwa nimekaa, kwa usalama wake.

Marehemu ameacha mke mmoja, binti mmoja, dada wawili, kaka mmoja, wapwa sita, kompyuta nane ambazo tano zinawaka, na watu wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu ambao umeme ukikatika hurudi pale pale walipoishia bila kujua ni nani wa kumshukuru.

Yeye na apumzike kwa amani. Barua yao tutaijibu Jumatatu.